SIMU YA KAZINI ISIYOTOKA NJE



Twawauliza matajiri swali moja: simu iliyo ukutani kiwandani ni ya nini? Wao hujibu kwamba ni ya kazi. Vema. Basi moto ukiwaka, au mashine ikimshika mwenzetu mkono, hiyo si kazi?

Jambo lenyewe si la siri, ijapokuwa mafundi hupenda kulisema kwa maneno mazito. Katika kampuni simu zote hukutana kwenye swichibodi. Zamani palikuwa na mtu wa kuchomeka waya kwa mkono. Siku hizi ni mtambo wa kompyuta. Kila simu ina namba yake fupi ya ndani, na mtambo umeandikiwa amri: namba hii ipeleke kwa karani, hii ipeleke stoo, na mwenye kutaka nje abonyeze 9 kwanza. Tena huandikwa nani aruhusiwe kutoka nje na nani azuiwe. Meneja aweza kuita London. Bawabu wa usiku aweza kuita stoo, ambako saa hiyo hakuna mtu.

Hatubishi juu ya kuzuia simu za porojo. Lakini kupiga 999 hakulipiwi hata senti moja, basi na watafute kisingizio kingine.

Hata simu isiyozuiwa yaweza kumpoteza mtu. Mahali ambapo 9 ndiyo mlango wa nje, mwenye hofu akibonyeza 999, mtambo usiopangwa vizuri huimeza 9 ya kwanza na kutoa nje 99 tu. Polisi hawasikii kitu. Akijaribu 112, na namba za ndani zaanza na 1, huenda kengele ikalia mezani kwa mhasibu.

Hizi si ndoto. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, Marekani, mama mmoja alishambuliwa akauawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne, kama alivyofunzwa. Simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka 9 kwanza. Baba wa marehemu alipigania jambo hilo mpaka sheria ikatiwa sahihi mwaka 2018. Tangu 16 Februari 2020 mitambo mipya ya huko ni lazima ipitishe 911 moja kwa moja. Matajiri wa Marekani hawakufilisika kwa ajili hiyo.

Watasema kila mtu ana simu mfukoni. Na ni hao hao wanaotunyang'anya simu hizo langoni kila asubuhi!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu walipeleke neno hili huko: kila simu, ya bawabu na ya jikoni pia, ipitishe 999 na 112 bila kubonyeza kitu kwanza. Fundi aionyeshe kamati jinsi mtambo ulivyoandikwa, na jaribio lifanywe baada ya polisi kuarifiwa. Kubadili amri hizo si kazi ya kuvunja ukuta. Tajiri akikataa, aandike barua ya kukataa na kuitia sahihi yake, nayo barua iletwe kwa katibu wa tawi.