Tusigawe alevini kwa vichwa vya watu

Ndugu wanamemba, siku ya kugawa alevini za tilapia iko na desturi yake. Mifuko inafika, komite inahesabu watu, na kila mmoja anapata sawa na mwenzake. Mwenye bwawa la are 1 anarudi na 500, mwenye are 4 anarudi na 500. Watu wanasema hiyo ndiyo haki. Sisi maagronome tunaandika namba ku ripoti, tunapanda pikipiki, tunaenda. Kwa maoni yetu haki ya namna hiyo inaharibu mavuno, na kosa ni letu pia, juu tumezoea kuhesabu alevini zilizogawiwa kuliko kilo zilizotoka mu maji.

Tuangalie hesabu. Are 1 ni metre mraba 100. Ukiweka 500, ni samaki 5 ku kila metre mraba. Lakini mu bwawa la kijiji, lenye kulishwa na mbolea ya ng'ombe ao ya mbuzi, pumba na majani ya mihogo, tunashauri 2 tu. Maji hayaongezeki juu samaki wameongezeka. Tuseme bwawa lile linaweza kubeba kilo 20. Samaki 200 watafika gramu 100 kila mmoja. Wakiwa 500, kila mmoja ni gramu 40, na mama mnunuzi ku soko atakuuliza kama umeleta sambaza.

Na si hayo tu. Tilapia akibanwa anakomaa mapema, anazaa angali mdogo. Jike anabeba mayai mu kinywa, anatoa watoto, na nao wanakula chakula kile kile. Kisha miezi michache hujui tena ni nani uliweka na ni nani alizaliwa humo. Kwa hiyo hata mwenye kuweka 2 ku metre apitishe wavu, atoe wadogo, na akiweza aweke kambale wachache wa kuwala, lakini wakati tilapia yake imekwisha kuwa kubwa kuliko hao kambale.

Wengine wanatujibu: «Nitaongeza chakula.» Huku juu, Walungu na Kabare, maji ni baridi na samaki hana hamu ya kula kama kule Uvira. Pumba inayobaki inaoza chini na inamaliza hewa ya mu maji. Nenda ku bwawa asubuhi mbele jua halijatoka. Ukikuta samaki wako juu, vinywa wazi, wanatafuta pumuzi, simamisha mbolea na chakula siku hiyo, fungulia maji mapya. Usingoje tuje.

Tunajua neno ambalo ni gumu. Mwenye bwawa dogo atasema: «Mchango nilitoa wote kama wengine, kwa nini nipewe kidogo?» Ako na sababu ya kuuliza, na kumuambia tu kwamba ni mambo ya kitaalamu ni kumdharau. Ila tuone: wale wanamemba wawili wa mwanzo, wakigawiwa kwa are, mmoja anapata 200, mwingine 800. Jumla ni 1 000, mifuko ile ile. Leo mmoja anafuga samaki wasiokua, mwingine ako na maji ya bure. Tofauti ilipwe kwa njia ingine: mwenye are 1 apewe pumba zaidi, ao mchango wa alevini uhesabiwe kwa are tangu mwanzo. Sisi tunapenda hii ya pili, juu haileti deni la kukumbushana kila mwaka. Lakini mkutano wenu ndio utachagua, si sisi.

Ku mugawo unaokuja tutafika na metre ya kupimia. Komite ambayo imekwisha kupima mabwawa yake itupe karatasi mbele ya siku ile, pamoja na bwawa la président.