Hesabu ya Seli Iwe Wazi

Mtafiti akizipiga picha seli hai kwa hadubini kila baada ya dakika 5, saa 12 humpa picha zaidi ya 140. Jicho huchoka kuzihesabu seli hizo. Kompyuta haichoki, lakini nayo hukosea. Seli mbili zilizogusana huweza kuhesabiwa kuwa moja. Kiwango cha mwanga kikipandishwa kidogo, seli hafifu hutoweka katika hesabu, na dawa ikaonekana imeua seli ambazo zingali hai.

Hapo ndipo programu huria zinapostahili kupewa nafasi. ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya nchini Marekani mwaka 1997, hutolewa bure. CellProfiler, iliyotolewa mwaka 2005, ni vivyo hivyo. Hata hivyo, ubora wake mkuu si bei. Msimbo wake husomeka, hivyo kosa huweza kufuatiliwa hadi lilikoanzia.

Lakini programu iliyo wazi haitoshi mtumiaji akificha hatua zake. Kila maabara na ihifadhi picha asilia pamoja na mipangilio iliyotumika, ili mwingine airudie hesabu. Mgonjwa atakayemeza dawa hiyo hana hadubini. Kinga yake ni uwazi wetu.