Mavi ya kamba wa kale yanahitaji macho ya Kawangware

Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kutazama mavi. Si ya ndovu wala ya simba. Ni ya kamba na kaa wadogo wa baharini waliokufa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mavi yaliyogeuka jiwe, mengi yakiwa madogo kuliko punje ya mchele. Cheka kwanza, umalize. Halafu nijibu: kazi ya kutambua kitu kidogo namna hiyo ungempa nani, mtu mwenye cheti ukutani ama fundi wa simu wa Kawangware anayeshinda ameinamia hadubini akitafuta waya uliokatika kwenye bodi ya simu? Mimi ningempa fundi.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo utadhani natetea mtaa tu.

Kamba wanaochimba mashimo kwenye matope ya bahari wanakula yale matope, wanachukua chenye lishe, mengine yanatoka nyuma. Njia yao ya chakula ina vichujio vyenye vidole vidogo sana, na vidole hivyo huacha vijitundu virefu ndani ya kinyesi. Kinachotoka ni kijiti kifupi, kama tambi iliyokatwakatwa. Chokaa ya baharini ikikigandisha haraka kabla hakijasagika, kinabaki jiwe. Kikate upande kwa upande, kama unavyokata ndizi, na utaona vitundu vimejipanga kushoto na kulia kama taswira kwenye kioo. Kuna vya duara, kuna vya umbo la mwezi mchanga, na idadi inatofautiana. Mpangilio huo ndio unaotofautisha aina moja na nyingine.

Mwaka 1955 mtaalamu Paul Brönnimann alichapisha makala kuhusu vitu vya aina hii kutoka mawe ya Cuba, akavipa jina Favreina. Kichwa cha makala yenyewe kilisema wazi kwamba mahali pake kwenye ukoo wa viumbe hapajulikani. Kilichosaidia kumaliza ubishi ni kuweka jiwe upande huu, na mavi ya kamba wa leo upande ule, ukahesabu vitundu. Hakuna uchawi hapo.

Ugumu ni kwamba jiwe la chokaa limejaa vitu vinavyofanana. Kuna vipunje vya mviringo vyenye matabaka kama kitunguu. Hivyo si mavi, ni chokaa iliyojizungusha juu ya kipunje kingine huku maji yakikibiringisha. Kuna vijumba vya viumbe vya seli moja, hivyo vina vyumba vyumba ndani. Halafu kuna vidonge visivyo na chochote ndani, na hapo wataalamu wenyewe hubishana: ni mavi ya mnyoo, ya konokono, ama ni kipande cha kombe kilicholiwa na vijidudu hadi kikapoteza sura? Hata ufuoni leo unaweza kudanganyika. Ukienda pwani maji yakiwa yametoka, utaona vidonge vidogo vya mchanga vimezunguka shimo la kaa kama maua. Watalii hupiga picha wakidhani ni kinyesi. Wapi! Ni mchanga ambao kaa ameuchuja mdomoni, akautema. Umetokea mbele, si nyuma.

Sasa rudi mtaani. Nilimwonyesha fundi mmoja, hapo karibu na stendi ya 46, picha ya Favreina kwenye simu. Hakuuliza mimi ni nani wala nimesomea nini. Aliikuza, akahesabu vitundu vya kushoto, akahesabu vya kulia, akasema upande mmoja umepungua viwili, kwa hivyo ama kisu kilipita mshazari ama jiwe limemeguka. Hiyo ndiyo kazi, buda. Hiyo ndiyo kazi yote.

Na kabla ya kutazama, jiwe lazima likatwe. Unalikata, unaligundisha kwenye kioo, unalisaga taratibu hadi libaki unene wa sehemu tatu za mia za milimita, mpaka taa ipite ndani yake. Ukisaga kidogo kupita kiasi, sampuli imeenda. Maabara nyingi duniani zina mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Kibera tuna mafundi wanaochukua mifupa ya ng'ombe, wanaikata, wanaisaga na kuing'arisha hadi inakuwa hereni na bangili zinazouzwa ng'ambo. Vumbi puani, kidole sentimita moja kutoka kwenye msumeno, na kipande kinatoka sawa kila mara. Huyo mtu unamfundisha kusaga jiwe kwa wiki ngapi? Na pale soko la Toi kuna akina mama wanaoshika shati la mtumba kwa vidole viwili na kukuambia ni pamba tupu ama imechanganywa. Kutambua ni mazoezi. Mtaa umejaa watu wenye mazoezi.

Watu wa vyeti watasema sayansi haifanywi hivyo. Nani kawaambia? Mary Anning alikuwa binti wa seremala huko Lyme Regis, Uingereza, akiuza visukuku kwa wageni ili apate chakula. Yeye ndiye aliyeona kwamba yale mawe ya ajabu yalikuwa yakipatikana ndani ya tumbo la mijusi wa baharini wa kale, na kwamba ukiyavunja unakuta magamba na mifupa ya samaki. Mwaka 1829 Profesa William Buckland akayapa jina la Kigiriki, maana yake jiwe la kinyesi. Jina likawa la profesa. Chama cha wanajiolojia cha London hakikuwa kikipokea wanawake hata.

Tuache Uingereza. Kamoya Kimeu, mtoto wa Ukambani, hakupita shule ya msingi. Mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto za rangi karibu moja nacho. Kikawa mwanzo wa kuchimbuliwa kwa yule tunayemwita Kijana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima, umri kama miaka milioni 1.5. Mwaka uliofuata Kamoya alikuwa White House akipokea medali mkononi mwa Rais Reagan. Tunamsifu kila mwaka. Lakini leo kijana kama yeye akifika mlangoni ataulizwa barua ya chuo. Mimi niliulizwa, kwenye ofisi moja ya mjini nisiyoitaja, na chuo nilikuwa nimeacha kwa sababu ya karo. Nilitaka tu kuchungulia kwenye hadubini dakika kumi.

Najua swali linalokuja: watu wa Kibera hawana vyoo vya kutosha, wewe unatuletea mavi ya kamba? Swali la haki. Lakini mwaka 2018 virusi vya polio viligunduliwa Nairobi kwenye sampuli ya majitaka ya Kamukunji, si kwa mtoto aliyepooza. Mtu alienda kuchota uchafu, mwingine akautazama kwa makini, na serikali ikajua. Anayejua kusoma kinyesi si mtu wa mchezo, kiwe cha jana ama cha enzi za dinosaria.

Chini ya Kibera hutapata kamba wa kale, nakubali. Huku ni mawe ya volkeno. Ila simiti inayojenga flati za Kawangware inaanza na mawe ya chokaa, na yaliyochimbwa Bamburi ni matumbawe ya bahari ya zamani. Kwenye tanuru yanapikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kwa hivyo chochote kilichokuwa ndani kimeisha. Huko Kambe, kaunti ya Kilifi, kuna chokaa ya zamani zaidi, ya enzi ya Jura, zaidi ya miaka milioni 160. Mawe ya enzi hiyo ndiyo ambayo kwingine duniani yametoa Favreina. Mimi ningeanzia hapo, kwa vipande vilivyokwisha kuvunjwa kando ya barabara, bila kugusa msitu wa kaya.

Kwa hivyo ombi langu kwa Makumbusho ya Kitaifa na watu wa jiolojia pale Chiromo ni dogo. Kibera ina maktaba ya umma. Wekeni pale hadubini mbili, sanduku la vipande vya mawe vilivyokatwa na mtu mmoja wa kufundisha kila Jumamosi. Asiulize cheti. Awape watu vipande hamsini, waviweke kwenye mafungu: mavi, vitunguu, vyumba, sijui. Atakayepanga sawa apewe kibarua cha kukata na kupanga mawe kwenye maabara zenu, kwa malipo, si kwa chai na cheti cha kuhudhuria.

Fundi wangu wa 46 ameniambia Jumamosi hufunga saa nane.