Hatari ya Kanuni za Ghibu

Wako watu wasemao kwamba aliyehifadhi kanuni za sayansi kwa ghibu amekwisha kuijua sayansi. Maneno haya siyakubali hata kidogo, na shahidi wangu ni Boris Belousov, mwanakemia wa Kisovieti.

Yapata mwaka 1950 Belousov alichanganya asidi ya limau, bromati na chumvi ya seriamu ndani ya asidi ya salfuriki. Maji yale yalikuwa manjano, yakapoteza rangi, yakarudi manjano, na hivyo hivyo kwa zamu kama mtu avutaye pumzi. Mwaka 1951 alipeleka makala kwa jarida. Mhariri akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwani kanuni si yasema kwamba mchanganyiko uliofungwa huelekea kutulia? Ndivyo isemavyo, na mchanganyiko wa Belousov mwishowe hutulia kweli. Lakini kanuni haikukataza vitu vya katikati kupanda na kushuka njiani. Mhariri angaliweza kuuchanganya mwenyewe akatazama. Au angalishika kalamu, maana Alfred Lotka alikuwa ameonyesha kwa hesabu, mwaka 1910 na tena 1920, jinsi kemikali ziwezavyo kupanda na kushuka kwa zamu. Hakufanya hili wala lile; alikariri tu, kama wanafunzi wetu wakaririvyo usiku wa kuamkia mtihani. (Nasi walimu hatuna udhuru, tunaouliza kila mwaka: “Taja kanuni.”)

Tazama sasa jambo ambalo kukariri hakungelifichua kamwe. Tia tone la kemikali katika maji yaliyotulia kabisa. Likienea lenyewe tu, litahitaji kama saa 14 kufika sentimita 1. Na kufika sentimita 2 si saa 28, bali 56, kwa kuwa muda hukua kama mraba wa umbali. Lakini zipe chembe zile uwezo wa kuzaa wenziwe, mfano wa moto wa nyika, ambapo jani liwakalo huwasha la jirani. Uvivu ule wageuka wimbi liendalo kwa kasi moja. R. A. Fisher wa Uingereza, na Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov wa Moscow, waliikokotoa kasi hiyo mwaka 1937: zidisha kadiri ya kuzaana kwa kadiri ya kuenea, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Tena walikuwa wakifikiria kuenea kwa sifa za urithi, wala si kemikali!

Mwaka 1970 Zaikin na Zhabotinsky walitangaza kwamba mchanganyiko wa namna ile ya Belousov, ukimiminwa kwa utando mwembamba, hutoa mawimbi ya duara. Hesabu yake ni ngumu kuliko ile ya Fisher, lakini ni ndoa ile ile ya kuzaana na kuenea, na wimbi hukata sentimita 1 kwa dakika chache tu.

Belousov alikuwa amekwisha kukata tamaa na majarida. Mwaka 1959 alichapa taarifa fupi katika mkusanyo wa habari za tiba ya mionzi, mahali ambapo wanakemia hawakupita. Alikufa mwaka 1970. Tuzo ya Lenin alipewa mwaka 1980.