Gilasi Haivuji, na Mpemba Hakuwa wa Pemba

Hapa Amani, Zanzibar, si mbali na uwanja wa mpira, kuna baraza moja la kahawa ambalo halina mwenyekiti lakini lina mabingwa wa kila fani. Jioni hiyo ilikuwa ya kaskazi, hewa nzito, shati limegandana na mgongo. Mtu akatoa chupa ya maji frijini, akaitua juu ya ubao wa bao. Alipoinyanyua, ikaacha duara la maji kwenye mashimo ya kete. Kutoka kwenye duara lile yakazaliwa maneno ambayo sikuyajibu papo hapo, maana wasemaji ni wakubwa wangu na kahawa walinunua wao. Nayajibu hapa.

“Chupa inavuja. Plastiki za siku hizi zina vitundu.” Basi na gilasi je, nayo ina vitundu? Tia sharubati ya ukwaju kwenye gilasi, ongeza barafu, ngoja kidogo, kisha ipanguse nje kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitarowa bila doa lolote. Kama kilichotoka kimepita kwenye kioo, kimeuacha wapi ukwaju?

Maji yale yametoka hewani. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 5, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7. Hewa yetu ya kaskazi imekuja juu ya bahari siku nyingi na imeshiba. Ikigusa chupa baridi, kilichozidi kinamwagika. Maji ya viyoyozi yanayowadondokea wapita njia mjini ni hayohayo. Watu huapa kwamba ni gesi iliyoyeyuka. Ni hewa ya chumbani iliyokamuliwa.

Kinachosahaulika ni kwamba mvuke ukigeuka maji hautui mikono mitupu, unatua na joto lake. Gramu moja ya mvuke ikitua juu ya chupa huacha joto la kutosha kuyeyusha gramu saba za barafu. Kwa hiyo jasho lile linaipasha chupa moto huku sisi tunalitazama na kusema, “aa, imepoa vizuri.” Na ndiyo maana nashangaa mchuuzi wa samaki anapochekwa kwa kufunika barafu yake gunia, eti anaivisha blanketi ipate joto. Gunia halina joto la kutoa. Linaizuia hewa yenye joto na mvuke isiifikie barafu.

“Ule moshi wa dele ndio mvuke.” Tazama vizuri mdomo wa dele la kahawa likichemka. Kati ya mdomo na wingu jeupe kuna nafasi kama upana wa kidole ambayo haina kitu. Mvuke uko hapo, na hauonekani. Ule weupe ni vitone, mvuke ambao tayari umesharudi kuwa maji. Moshi wenyewe ulikuwa wa mkaa, na ulikuwa machoni mwetu.

“Chochea moto, maharage yaive upesi.” Neno hili linakula mkaa wa watu. Hapa pwani maji yakishachemka yanasimama kwenye nyuzi 100, na hayapandi hata ukitia gunia zima. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunahitaji kilojuli 294 hivi. Kuigeuza kilo hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kama 2,260, zaidi ya mara saba. Moto wa ziada unakwenda huko, unaishia darini, na maharage chini hayana habari. Yakishachemka, punguza moto ufunike. Juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mambo ni magumu zaidi: hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, na mtu anaweza kuchochea hadi alfajiri akaambulia kokoto.

“Maji ya moto huganda mwanzo. Aligundua Mpemba mwenzetu.” Hili lilichukua muda, kwa sababu lina uongo mmoja na ukweli nusu.

Uongo kwanza. Kwa Erasto Mpemba, anayesemwa hapo, Mpemba ni jina tu, si asili. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa skuli ya sekondari ya Magamba, Lushoto, huko Tanganyika, wakati Tanganyika na Zanzibar zilikuwa bado mbalimbali. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akayatia yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akadhihakiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza nao, Mpemba akauliza kwa mara nyingine, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mimi hapo humpendea ubishi wake kuliko aiskrimu.

Sasa ule ukweli nusu. Wapo waliojaribu wakaona ikitokea, lakini si kila mara, na hakuna anayeweza kukuahidi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya nchini Uingereza, wasipate ushahidi wa kuwaridhisha. Mambo yanayoweza kuvuruga matokeo ni mengi. Sufuria ya moto ikiwekwa juu ya theluji ya friza huiyeyusha na kukalia chuma baridi. Maji ya moto hupungua kwa mvuke. Tena watu hawaelewani “kuganda” ni kufika nyuzi 0 au kuwa jiwe. Ubishi unaendelea.

Ila hesabu ya joto haina ubishi. Friza haitii baridi, inatoa joto. Weka mkono nyuma yake ulisikie. Kilo ya maji ya nyuzi 100 lazima itolewe kilojuli 420 ndipo ifike nyuzi 0, ya nyuzi 30 inadaiwa 126 tu, kisha zote zinadaiwa 334 nyingine ili ziwe barafu. Mama anayeuza barafu za mifuko akitia maji yanayofuka, analipia umeme wa kuondoa joto ambalo ameshalilipia kulitia.

“Mtungi unapoza maji kwa kuwa udongo ni baridi.” Udongo una joto la chumba kama stuli iliyo pembeni yake. Mtungi unapoza kwa sababu una vitundu: maji yanapenya hadi nje, yanageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo mzee wetu wa vitundu hakukosea sana, alikosea chombo tu. Gilasi inalowa kwa maji ya nje na kupata joto; mtungi unalowa kwa maji ya ndani na kupoa. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukipita dirishani, kata ya kwanza ya asubuhi inauma meno. Ikija masika na hewa kushiba, mtungi unabaki umelowa nje na vuguvugu ndani, na hapo bibi humtuma mtoto dukani akanunue barafu.