Dawa ya Magugu Haina Kazi Bwawani

Ndugu wafugaji na wafanyabiashara, tangu masika yaishe simu ninazopokea ni za aina moja: "Afisa, bwawa limefunikwa na majani, nipulizie dawa gani?" Jibu langu haliwafurahishi wengi. Hakuna. Usipulizie.

Nianze na wenye maduka ya pembejeo, maana ushauri huu mbaya mara nyingi unatokea kaunta. Mkulima anasema ana majani yanamsumbua, unampa dawa ya kuulia magugu ya shambani, unampigia hesabu ya vifuniko kwa pampu ya lita 16, anaondoka. Hukumuuliza majani yako wapi. Lebo ya chupa unayouza inakataza kuchafua maji. Isome kabla hujapokea hela. Baadhi ya dawa hizo zimechanganywa na kitu kama sabuni ili zinate kwenye jani, na hiyo sabuni inaweza kuwadhuru samaki kuliko dawa yenyewe.

Tuseme basi dawa haina sumu hata chembe. Bado unaweza kumaliza samaki. Majani yakifa yote kwa mkupuo yanazama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyomo kwenye maji. Usiku hakuna jua, kwa hiyo hakuna mmea unaotengeneza nyingine. Ndiyo maana alfajiri hewa huwa kidogo kuliko saa zote. Unafika bwawani unakuta sato wanahema juu ya maji, jua likipanda wamegeuza matumbo. Samaki wa miezi sita, ada ya mtoto, marejesho ya kikoba, vyote vinaelea pale.

Hapo kuna atakayeniambia jirani yake alipulizia na samaki wako hai. Muulize anafuga nini. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, anavumilia maji yanayomuua sato usiku mmoja.

Wengine wenu gugumaji mlilibeba wenyewe, eti ua lake la zambarau linapendeza na linasafisha maji. Mmea huu wa Amerika ya Kusini ulishaziba mialo na bandari za Ziwa Victoria miaka ya 1990, mitumbwi ikashindwa kutoka. Piga hesabu: miche 10 ikiongezeka mara mbili kila wiki mbili, baada ya wiki 12 unayo 640. Wale wadudu jamii ya fukusi walioachiwa ziwani walisaidia, lakini kazi yao ni ya miaka. Bwawa lako la mita 10 kwa 20 halina muda huo.

Njia iliyopo ni mikono, na haihitaji ujuzi mkubwa. Upepo husukuma majani yanayoelea upande mmoja. Subiri yakusanyike, zuia kwa kamba uliyofungia mabua ya mgomba, kisha yatoe kwa reki au kipande cha wavu. Vaa buti ndefu na glavu, maana konokono wa kichocho hupenda kujishikiza humo humo kwenye majani. Usiyarundike ukingoni, mvua itayarudisha. Usiyatupe mferejini ukamuuzia shida mwenzako wa chini, kwa sababu kipande kidogo tu kinaweza kuchipua. Yaanike mbali na maji hadi yakauke, ndipo uyatie kwenye mboji. Rudia kila wiki. Ndiyo, kila wiki, kama palizi.

Kuna kosa moja naliona karibu kila kijiji. Majani yakifunika bwawa, jua haliingii, ule ukijani wa maji ambao ni chakula cha samaki unapotea na maji yanakuwa meupe. Mfugaji anaona meupe, anaongeza samadi. Amelisha magugu! Ondoa majani kwanza, acha jua lifanye kazi, kisha zamisha mkono wima hadi kwenye kiwiko. Kama kiganja kimepotea kabla maji hayajafika kiwiko, samadi inatosha.

Azola siichukii. Sato wanaila, bata pia. Ila ipande kwenye kidimbwi chake chenye karatasi ya nailoni na uwape kwa kipimo, siyo kuimwaga bwawani ijitawale.

Wauza vifaranga vya samaki, maji ya mfuko wenu ndiyo yanayosafirisha vijani hivi, vile vidogo kama punje ya dengu. Mnunuzi, elea mfuko bwawani dakika 15 hadi 20 joto lilingane, pitisha vifaranga kwenye chandarua, na maji yale yamwage nchi kavu. Nyavu za kuazimana zioshwe na kuanikwa juani kabla ya kuingia bwawa jingine.

Bwawa lililoshikwa kabisa tutalivuna, tutalikausha hadi tope lipasuke, na kingo zenye kina kifupi tutazichimba. Aliyeshanunua chupa asiifungue. Airudishe dukani, au aitumie shambani mbali na maji kwa kipimo cha lebo.