Udaktari haukariliwi kwa maswali ya mitihani

ELIMU bila amali ni kama nta bila asali. Methali hiyo humwafiki mwanafunzi wa udaktari nchini, ambaye baada ya miaka ya vitabu na maabara huhamia wodini kukamilisha kozi ya miaka 6.

Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), ambako madaktari wamefunzwa tangu Nairobi ilipopata shule ya udaktari mnamo 1967, raundi za asubuhi hufuatwa na kliniki, kisha zamu za usiku. Muda wa kusoma kitabu kizito huwa haba. Wengi hukimbilia simu, madokezo ya waliowatangulia na maswali ya mitihani iliyopita.

Simu haina kosa. Tangu 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani (WHO) umezifungulia taasisi za mataifa yenye kipato kidogo majarida ya tiba. Hatari ni kusoma kwa ajili ya mtahini pekee. Maswali ya zamani hayamwandai mwanafunzi kwa mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa, ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea.

Yafaa aliyemhudumia mgonjwa wa kisukari asubuhi asome kuhusu kisukari jioni iyo hiyo, hata kurasa 3 tu, kisha kesho arudi kitandani pale akiwa na maswali mapya. Wahadhiri nao wawaulize wanafunzi walichosoma kumhusu mgonjwa aliye mbele yao. Akishahitimu, daktari huyo ataachiwa wodi usiku, na mtihani wa huko haurudiwi.